“Get” si “kupata” tu: mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Nafundisha Kiingereza jioni, watu wazima watupu: madereva, wahasibu, mafundi, mama wa maduka. Kuna neno moja la herufi tatu linalokula wino wangu mwekundu kuliko mengine yote. Si kwamba hawalijui. Wanalijua tangu shule, na balaa linaanzia hapo hapo: waliambiwa “get” ni “kupata”, wakaridhika. Tangu siku hiyo kila penye “kupata” wanaweka “get”, na kila wakiona “get” wanasoma “kupata”. Mmoja anamwandikia bosi wake “I got an accident”. Mwingine anasoma “It’s getting dark” na kuuliza ni nani huyo anayepata giza.

Dawa ni moja, na mwongozo huu wote unaizunguka: usiitazame “get”, tazama kinachoifuata. Kikifuata kitu, maana ni moja. Ikifuata sifa, maana ni nyingine. Pakifuata mahali, ni nyingine tena.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo. Kila hatua ipe ukurasa wake.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ya wanaojifunza lugha. Ile ya Kiingereza kwa Kiswahili iweke kando kwa sasa, itakurudisha kwenye “pata” kabla hujafika mbali.
- Kalamu mbili za rangi tofauti: moja ya “get”, nyingine ya neno linaloifuata.
- Kiingereza cha kweli cha watu kuzungumza: filamu yenye maandishi chini, au jumbe za mtu aliyekulia katika lugha hiyo. “Get” ni neno la mdomoni, na vitabu vya kiada huionea haya.
- Simu yenye kinasa sauti.

Tenga nusu saa kwa hatua moja, hatua moja kwa siku. Ukiwa na haraka unaweza kuruka ya saba. Ya pili na ya tatu usiziruke, ndizo zenye makosa mengi.

## Hatua ya 1: Shika maumbo na matamshi

Uingereza wanasema get, got, got. Marekani wanasema get, got, gotten. Chagua upande mmoja ubaki nao. Barua yenye “gotten” kwenye aya ya kwanza na tahajia ya “colour” kwenye ya pili inaonekana imeandikwa na watu wawili.

Herufi ya mwanzo ni g ya “gari”. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaoifananisha na “gender” na “general” wakaitamka kwa j. Neno hili lililetwa Uingereza na Waskandinavia waliohamia huko, ambao kwao lilikuwa “geta”, na g yake ngumu ikabaki. Ndugu yake wa Kiingereza cha kale amejificha ndani ya “forget”. Hapo pana msaada wa kukumbuka: forget, forgot, forgotten. Mwingereza aliyeacha “gotten” bado anasema “forgotten” kila siku.

Halafu kuna “have got”. Hii ni “kuwa na”, wala si jambo lililopita: “I’ve got two brothers” ni “nina kaka wawili”. Kwa Mmarekani, “I’ve got a car” ni “nina gari”, na “I’ve gotten a car” ni “nimepata gari”. Kwa Mwingereza, “I’ve got” inabeba zote mbili na mazungumzo ndiyo yanayoamua.

Onyo. Swali ni “Have you got a pen?” au “Do you have a pen?”. Ukiziunganisha ukasema “Do you have got a pen?” umeharibu zote.

Utajua umefaulu ukijirekodi ukisema “I got it” na maneno matatu yakatoka kama neno moja. Mwingereza husema karibu na “aigotit”. Kwa Mmarekani ile t ya katikati hulegea mpaka sikio la Mswahili linasikia r nyepesi, kitu kama “aigarit”. Ukiisikia kwenye filamu, usidhani ni neno jipya.

## Hatua ya 2: Kikifuata kitu

Hapa “kupata” inakaribia kuwa sahihi, na ndiyo maana hatari yake ni kubwa. “Get” ikifuatwa na kitu hubeba kazi nne kubwa:

- kupokea: “I got your message”
- kununua: “Where did you get those shoes?”, yaani umenunua wapi
- kwenda kuchukua na kuleta: “Get me some water”, yaani niletee maji
- kuambukizwa: “She got malaria”

Jaribio lake ni rahisi. Ondoa “get” uweke “receive”, “buy”, “fetch” au “catch”. Mojawapo ikikaa vizuri, “get” nayo itakaa. Zote zikigoma, mara nyingi utahitaji kitenzi kingine.

Sasa lipitishe jaribio hilo kwenye “nilipata ajali”. Ulipokea ajali? Uliinunua? Ulitumwa ukailete? Hapana. Kwa hiyo ni “I had an accident”, au kama ni ya barabarani, “I was in an accident”. Andika hizi kwa wino wa onyo, maana ndizo ninazozisahihisha kila wiki:

“Amepata mtoto” ni “She had a baby”. Ukisema “She got a baby”, msikilizaji anajiuliza kama alimwokota mahali.

“Tunapata shida” ni “We’re having problems”. Ipo “get into trouble”, lakini hiyo ni kuingia matatani kwa kosa lako, kama mtoto aliyevunja kioo cha jirani.

“Simpati kwenye simu” ni “I can’t reach him” au “I can’t get through to him”. Ile “I’m not getting him” inaeleweka Nairobi na Dar es Salaam, lakini ukivuka bahari inaleta ukimya.

Na “unanipata?”, tunayoipenda sana mikutanoni, si “Are you getting me?”. “Get” ya kuelewa ipo na ni nzuri: “I get it”, “I don’t get it”, “Do you get what I mean?”. Ila haipendi kuvaa -ing.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi tano za Kiswahili zenye “kupata”, ukaonyesha zipi zinakwenda kwa “get” na zipi zinaikataa, bila kufungua kamusi.

## Hatua ya 3: Ikifuata sifa

Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinakuwa mwalimu. “Get” ikifuatwa na sifa, kama “cold”, “tired”, “old” au “dark”, maana yake ni kubadilika, kutoka hali moja kuingia nyingine. Wanafunzi hushindwa kwa sababu kwetu mabadiliko hayo hayahitaji neno la pembeni. Yamo ndani ya kitenzi: kupoa, kuchoka, kuzeeka.

Tazama viambishi -na- na -me-.

Chakula kinapoa: “The food is getting cold.”
Chakula kimepoa: “The food is cold.”

Giza linaingia: “It’s getting dark.”
Giza limeingia: “It’s dark.”

Nazeeka: “I’m getting old.”
Nimezeeka: “I’m old.”

Nazoea: “I’m getting used to it.”
Nimezoea: “I’m used to it.”

Umeona mchezo wake? Kwa vitenzi vya kubadilika hali, -na- inaita “getting” na -me- inaita “am”, “is” au “are”. Mwanafunzi mmoja, mama anayeuza vitambaa, alipouona mpangilio huu ubaoni alifunga daftari akasema, “Kumbe nilikuwa najua.” Ndiyo, alikuwa anajua. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba ufunguo uko kwenye lugha yake.

Ukifikia “get used to”, tahadhari na kinachofuata. Ile “to” inataka kitu au kitenzi chenye -ing: “I’m getting used to the cold”, “I’m getting used to waking up early”. “Getting used to wake up” ni kosa, hata kama sikio lako linalipenda.

Onyo la kwanza. Mabadiliko ya cheo au kazi hayachukui “get”. “Alikuwa daktari”, kwa maana ya kufikia udaktari, ni “He became a doctor”. “He got a doctor” ni kwamba alitafuta daktari akampata. Rudi hatua ya 2: “doctor” ni nomino, na nomino inairudisha “get” kwenye kupokea na kuleta.

Onyo la pili. “Nilichelewa” si “I got late”. Ni “I was late”. Inayokubalika ni “It’s getting late”, na hapo kinachosogea ni muda: usiku umekwenda, tuagane.

Utajua umefaulu ukipita sokoni au nyumbani ukawa unaambatisha kila hali na jozi yake kimoyomoyo: maji yanapata moto polepole, “getting hot”; yamepata moto, “hot”.

## Hatua ya 4: Pakifuata mahali au chombo cha usafiri

“Get” ikielekea mahali ni kufika. “What time did you get to Mombasa?” ni ulifika Mombasa saa ngapi. Kwa kawaida pana “to” katikati, isipokuwa kwa maneno kama haya: “get home”, “get here”, “get there”. Hayo hayataki “to” kabisa. “I got to home” ni kosa la kusikitisha kwa sababu aliyelifanya alikuwa anajitahidi kuwa sahihi.

Kwa usafiri, Kiswahili kina kupanda na kushuka, basi. Kiingereza kinauliza kwanza chombo chenyewe kikoje. Usafiri wa abiria wengi, na chochote unachokikalia kwa kupanua miguu, ni “get on” na “get off”: basi, treni, ndege, meli, baiskeli, bodaboda. Kigari kidogo unachojikunja kuingia ni “get in” na “get out of”: teksi, bajaji, gari la rafiki. Daladala na matatu, hata ile ambayo kichwa chako kinagusa bati, ni “on” na “off”, kwa sababu ni usafiri wa abiria wengi.

“Alight”, yaani kushuka, si kosa. Lakini ukimwambia rafiki “I will alight at the next stop”, umeongea kama tangazo la stesheni.

## Hatua ya 5: Likifuata umbo la tatu la kitenzi

Umbo la tatu ni lile la “written”, “paid”, “broken”. “Get” ikilitangulia, tunapata kauli ya kutendwa, ile -wa yetu: “get paid” ni kulipwa, “get fired” ni kufukuzwa kazi, “get caught” ni kukamatwa, “get robbed” ni kuporwa.

Mwaka juzi nilikuwa na mwanafunzi dereva, mtu wa makamo, aliyekataa katakata kusema “I got married”. Kila nikimsahihisha, anarudia “I married”. Mwishoni akanieleza, darasa zima likisikiliza: “Mwalimu, mimi sikuolewa. Nilioa.”

Alikuwa na hoja nzito, maana kwetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na ukibadilisha umemtania mtu. Kiingereza hakina mpaka huo. “Get married” ni kufunga ndoa, kwa wote wawili, na heshima ya bwana haipungui. Akitaka kumtaja mke, aseme “I got married to Asha” au “I married Asha”. “Get married with” haipo katika maana hiyo.

Kuna tofauti ya “be” na “get” hapa. “They are married” ni hali: wana ndoa. “They got married in 2015” ni tukio: siku ile, ukumbi ule, pilau ile. Ukieleza tukio, hasa la ghafla au lisilotarajiwa, “get” inafaa. Ukieleza hali au desturi, baki na “be”: “Swahili is spoken here”.

Utajua umefaulu ukiweza kueleza kwa nini “get lost” ni kupotea, na kwa nini ukimwambia mtu “Get lost!” umemfukuza. Agizo la kumtaka mtu apotee halina tafsiri ya upole.

## Hatua ya 6: Kazi ikifanywa na mtu mwingine

Hii imeniumbua mimi mwenyewe, kabla sijawa mwalimu wa mtu yeyote. Nilikuwa na bosi Mwingereza, na nilikuwa naomba ruhusa ya harusi ya dada yangu. Nikamwambia kwa fahari, “I have sewn a new suit.” Akaitazama mikono yangu, akauliza kama ningeweza kumshonea na yeye.

Kwa Kiswahili “nimeshona suti” hakuna anayedhani nimekaa kwenye cherehani. Kila mtu anajua kuna fundi. Vivyo hivyo “nimenyoa”, “nimesuka”, “nimejenga nyumba”. Kiingereza kinachukua neno kama lilivyo: ukisema “I cut my hair”, mkasi ulikuwa mkononi mwako.

Mpangilio unaokuokoa ni huu: get, kisha kitu, kisha umbo la tatu.

“I got a suit made.” Nimeshona suti, kwa fundi.
“I got my hair cut.” Nimenyoa, kwa kinyozi.
“She got her hair braided.” Amesuka.
“We got the roof fixed.” Tumetengenezesha paa.

Ukitaka kumtaja aliyefanya, mpangilio unabadilika: get, mtu, to, kitenzi. “I got the tailor to make it longer” ni nilimfanya fundi airefushe, na ndani yake mna harufu ya kubembeleza au kusukuma kidogo.

Onyo. “Make” haitaki “to”: “I made him listen”. “Get” inaitaka: “I got him to listen”. Wanaozichanganya ni wengi kuliko wasiozichanganya. Andika sentensi hizo mbili juu ya ukurasa, moja chini ya nyingine.

## Hatua ya 7: “Get to” yenye kitenzi

Hapa “kupata” yetu inarudi kwa ushindi. Tunasema “nilipata kumwona bibi kabla hajafariki”, yaani nilibahatika. Kiingereza kinasema vilevile: “I got to see my grandmother before she died.”

Ila “I’ve got to see my grandmother” ni jambo jingine kabisa: lazima nikamwone. Tofauti nzima imebebwa na ile 've ndogo, ambayo kwenye maongezi ya haraka haisikiki vizuri. Na ukisikia “gotta”, ni hii ya lazima.

## Hatua ya 8: Vineno vidogo vinavyoigeuza

Usijaribu kukariri vyote, utachoka bure. Anza na hivi, na kila kimoja kipe Kiswahili cha mtaani badala ya tafsiri ya kamusi:

- “get up”: kutoka kitandani. “Wake up” ni kufumbua macho. Unaweza ku-“wake up” saa kumi na moja na ku-“get up” saa moja.
- “get along with”: kuivana na mtu
- “get by”: kusukuma maisha
- “get over”: machungu kukutoka, ya msiba au ya mapenzi
- “get away with”: kufanya kosa na usiguswe
- “get rid of”: kuondokana na kitu
- “get back to”: “nitakujulisha”, ile ya watu wa ofisini

Ongeza viwili kwa wiki, vile ulivyovikuta mwenyewe kwenye filamu au ujumbe. Cha kusimuliwa hakikai kichwani.

## Hatua ya 9: Jua pa kuiacha

Kwenye barua ya maombi ya kazi, ripoti au insha ya mtihani, punguza “get”. Si kosa la sarufi, ni kama kwenda kwenye usaili na kandambili. Badilisha: “receive” kwa kupokea, “obtain” kwa kupata, “become” kwa kuwa, “arrive” kwa kufika, “understand” kwa kuelewa. Kwenye simu na mazungumzo fanya kinyume chake. Anayesema “I obtained some bread from the shop” anachekesha.

## Jipime

Fasiri aya hii kwa Kiswahili. Sharti moja: neno “kupata” lisionekane hata mara moja.

“I got up late, so I didn’t get to the office till nine. My boss was getting angry, but I got him to listen. I told him I’d got stuck in traffic. He got it. Then I got a coffee and got on with my work.”

Mna “get” nane. Funika jibu, andika lako, kisha linganisha:

“Nilichelewa kutoka kitandani, kwa hiyo sikufika ofisini mpaka saa tatu. Bosi alikuwa ameanza kukasirika, lakini nikamshawishi anisikilize. Nikamwambia nilikwama kwenye foleni. Akanielewa. Kisha nikachukua kahawa, nikaendelea na kazi.”

Ukikosea moja au mbili, rudi kwenye hatua husika tu, usianze upya. Na kama umeandika “saa tisa”, hilo si kosa la “get”. Hilo ni la saa, na lina somo lake.